Beseni la Zuleide

Adenir, fundi wa vigae wa mtaa wa Madureira, alikuwa na mkono mwepesi kwenye tari na mdomo mwepesi zaidi. Miaka miwili mtaa mzima ulimhurumia kwa wimbo wake mmoja wa samba:

*Nimeachwa, sikufa,*
*nguo nimeshazifua,*
*machozi nimeyaanika*
*pamoja na shuka juani.*

Kwenye duara la waimba samba wanawake walimpakulia maharage meusi kabla ya wengine. Zuleide, aliyekuwa mkewe, mshona mavazi ya kanivali, akienda sokoni alisengenywa mpaka kwenye vitunguu. Ndiye aliyemwacha, walisema.

Ukweli Adenir aliujua. Yeye ndiye aliyebeba sanduku akahamia kwa mwanamke wa mtaa wa Bangu. Miezi minne baadaye alirudi, akamkuta Zuleide uani kando ya beseni, akianika shuka kambani.

"Umeniacha, sikufa," Zuleide alimwambia, hata kugeuka hakugeuka. "Nguo nimeshafua. Machozi nimeyaanika na shuka. Haya, nenda zako."

Akaenda, na maneno akaondoka nayo. Mwizi wa kuku angalau huacha manyoya.

Jumapili moja mchana Zuleide akatokea uani kwa Dona Iraci, mama mwenye duara. Wimbo wa Adenir ulikuwa umeshika moto. Desturi pale ni moja: wote huitikia, na yeyote aweza kumtupia mwenye wimbo ubeti, naye sharti ajibu papo hapo. Zuleide akaweka mkoba chini, akaimba:

*Ewe uliyeachwa, sema,*
*beseni lako liko wapi?*
*Kamba uliifunga lini,*
*na shuka lina rangi gani?*

"Adenir na beseni?" mpiga gitaa akacheka. "Huyu hata leso hajawahi kufua."

Uani kote wakaangua kicheko. Adenir alitamani ardhi immeze. Kiitikio kikapita mara moja, kikapita mara ya pili.

"Jibu, baba," Dona Iraci akasema. "Au hilo shuka hulijui?"

Angeweza kudanganya, vina vilikuwa tele kichwani. Lakini Zuleide alikuwa akimtazama, na ile mikono yake iliyochubuka kwa sindano ameikunja mapajani. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akaimba kwa sauti iliyokatikakatika:

*Beseni ni la Zuleide,*
*kamba aliifunga yeye,*
*maneno ni ya kinywa chake,*
*aliyeondoka ni miye.*

Mwanamke mmoja, muuza vitunguu, akainamisha kichwa. Adenir akaliweka tari chini, akainuka aende zake.

"Kaa," Zuleide akasema. "Wimbo wangu utapigwa na nani?"

Akakaa. Zuleide akaanza, *nimeachwa, sikufa*, na wanawake wote wakapokea kwa nguvu ambayo Adenir hakuwahi kuipata kwao. Alipiga tari macho yakiwa magotini.

Mpaka leo, kila Jumapili, Dona Iraci huutangaza kuwa ni wimbo wa Zuleide, kisha humgeukia Adenir aanze na tari. Naye huanza.