Viduara Vyeusi vya Ulanga

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo masikio yananiwaka moto. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mpya niliyeletwa Makere kutoka Singida, na niliamini kwamba mtu aliyesoma hawezi kuwa mmbeya. Asubuhi hii umeniletea simu yako nimsikilize mtu nisiyemjua akisema mawe ya mlimani yana sumu. Kabla hujaituma sauti hiyo kwa wenzako, kaa hapa nikuhadithie.

Mwaka ule shule yetu ilichimbiwa kisima. Mchimbaji alikuwa Ezekieli, ambaye wazazi wake walikimbia kutoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni. Alikulia hapa, akaoa hapa. Kazi ikienda vizuri alikuwa fundi wetu. Jambo likiharibika, watu walimwita yule Mrundi. Mawe aliyoyatoa chini yalimeta kwa ulanga mweusi, yale magamba membamba yanayobanduka kama karatasi.

Wakati huohuo tulikuwa na mgeni, Bwana Lameki, mtaalamu wa miamba aliyekuwa akizunguka vilimani kuokota mawe. Hadubini yake aliiweka kwenye maabara yetu. Siku moja akaniita nichungulie gamba la ulanga. Nikaona madoa ya duara, madogo mno, kila moja na nukta katikati, kana kwamba mtu amechoma karatasi kwa ncha ya sindano ya moto.

"Hiyo nukta ni punje ya madini mengine," akaniambia. "Inatoa mionzi. Kwa mamilioni ya miaka imekuwa ikiuunguza ulanga ulioizunguka, ndiyo maana unaona duara."

Aliendelea kueleza, lakini mimi nilikuwa nimeshalishika neno moja tu: mionzi. Kesho yake akaenda Kibondo kwa kazi ya wiki tatu, hadubini akaniachia.

Nikachukua gamba kutoka kwenye rundo la mawe ya kisima. Viduara vilikuwamo. Tangu hapo nikaanza kumtazama Ezekieli kwa jicho jingine. Kwa nini ananawa kwa sabuni kila akitoka shimoni? Kwa nini amelifunika rundo lile kwa majani? Na siku ya kufungua kisima, wakubwa wote walipokunywa, kwa nini yeye alisimama pembeni na kikombe mkononi, asinywe? Kila alichofanya nilikipa maana, na kila maana ilikuwa mbaya. Aliponitakia amani kwa Kirundi, "Amahoro, Mwalimu," niliitikia huku nikiviangalia viganja vyake kama vina madoa.

Nilimwambia mtu mmoja tu, mwanangu. Mama Joyce, muuguzi wa zahanati, rafiki yangu. Nikamsihi asiseme popote. Nisikufiche: nilifurahi kuona alivyoshtuka.

Siku nne hazijapita, hapakuwa na ndoo hata moja kisimani. Watu walirudi kwenye kijito cha bondeni, kule ng'ombe wanakonyweshwa. Wakasema yule Mrundi alijua, ametumwa kuja kutumaliza. Vijana wakamtupia kamba zake na sururu zake shimoni. Kesho yake Ezekieli akapakia mke, watoto na magodoro kwenye lori. Niliwaona kupitia dirisha la darasa. Sikutoka. Nilijiambia kwamba asiye na kosa hakimbii.

Halafu watoto wakaanza kuhara. Zahanati ikajaa wanafunzi wangu. Pendo, aliyekuwa akikaa dawati la mbele, alitundikiwa dripu siku mbili, macho yamezama, na mama yake hakuthubutu kutoka hata kwenda kula. Alipona, namshukuru Mungu, lakini ilibaki kidogo.

Bwana Lameki aliporudi alinikuta palepale zahanati. Nikamweleza yote, nikitegemea atanisifu. Akakaa kwenye benchi.

"Mwalimu, mionzi iliyochora duara lile haikusafiri hata unene wa unywele wako. Imetumia umri wa mlima mzima kuacha alama usiyoweza kuiona kwa macho. Ulanga kama huo umejaa kwenye mawe ya huko kwenu Singida. Kama uliyahofia maji, ungetafuta wa kuyapima maji!"

Yeye mwenyewe alijaza chupa akayapeleka kupimwa. Majibu yakaja: hayana neno. Nikasimama kwenye mkutano wa kijiji nikakiri kuwa uvumi ule ulitoka kinywani mwangu. Wengine wakarudi kisimani. Wengine wakasema nimenyamazishwa, na wapo waliozeeka bila kuyaonja maji yale.

Kisha nikapanda basi kwenda Kibondo, nilikosikia amehamia, kumtafuta Ezekieli. Nilimkuta anafyatua matofali. Alinisikiliza mpaka mwisho. Siku ya kisima, akasema, alikuwa amefunga, kanisani kwao walikuwa na wiki ya maombi. Majani aliyaweka kwa sababu watoto walikuwa wakichezea mawe yale na kujikata miguu. Sabuni, akacheka kidogo, ilikuwa ya kutoa udongo.

Halafu akaacha kucheka.

"Mwalimu, mimi nilikuwa hapo nje tu. Ulipoviona hivyo viduara, mbona hukuniita na mimi nikachungulia?"

Nikamwomba radhi. Aliniambia amenisamehe, akainamia tena matofali yake. Makere hakurudi.

Sikukatazi kushuku, mwanangu. Dunia hii ina wa kushukiwa, na anayeamini kila kitu ataumizwa. Lakini ukishaogopa jambo, uliza ni kubwa kiasi gani kabla hujalitaja, na umuulize anayelijua hadi mwisho wa maelezo yake, usiache kumsikiliza njiani kama nilivyofanya mimi. Na ukimshuku mtu, mwendee. Mwoneshe ulichokiona, yeye mwenyewe, mchana kweupe, kabla hujamwonesha mwingine yeyote. Ukiona huwezi kumkabili, basi ujue hujapata ushahidi, umepata hofu tu.

Mungu akupe macho makali na ulimi mzito. Akuepushe na furaha ile niliyoipata mimi siku nilipomshtua rafiki yangu. Na popote utakapohamia, watu wa huko wakuulize wewe kwanza, kabla hawajaulizana habari zako.