Kikombe Kimoja cha Maji

Juzi, kwenye karavani, nyumba ya magurudumu ya wageni ninakofanya usafi, fundi alifungua mdomo wa bomba lililokuwa likitoa maji kidogo kidogo. Ndani mlikuwa na kichujio kilichojaa mchanga. Alikisuuza, maji yakaruka kwa nguvu, nami nikakumbuka alasiri moja kwetu, juu mlimani, hapa Bukavu.

Maman, mama yangu, alikuwa amelala na homa ile ya mwisho kabla hajafa, chumba kikinuka jasho na majani ya mikaratusi. Robine yetu, bomba la uani, ilikuwa ikidondosha tone, tone. Niliamini majirani wa chini ndio wanaotunyang'anya maji, nikateremka kwenye utelezi nikiwaita.

"Maman Neema, mufunge robine, maman iko na homa!"

"Tumefunga tangu asubui, weye mutoto! Unazani tunaficha mto Ruzizi mu nyungu?" jirani alijibu.

Nilipanda tena nikihema. Matone yalikuwa yale yale. Sikujua hata kwamba mdomo wa robine unafunguka. Hadi jua linashuka nilikuwa nimekinga kikombe kimoja tu. Nilimpelekea maman, akageuza uso, akaonyesha wadogo zangu wawili mlangoni.

"Patia watoto kwanza," alisema.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, mtoto pia.