Plagi Iliyokatwa Mguu

Leo ustadhi kapigwa shoti ya mdomo studio kwangu!

Katoka Ruangwa na bodaboda kuja kurekodi kaswida hapa Nachingwea. Kavua ndala mlangoni kwa heshima, kasimama pekupeku kwenye saruji, kasogelea maiki.

Paa! Kofia kule.

Nina hasira jamani.

Spika zangu zilikuwa zinanguruma mmmmm kila nikiunganisha kompyuta na mikisa, ile mashine ya sauti inayochomekwa maiki. Wiki iliyopita nikaita fundi. Unajua alifanyaje? Kakata mguu wa ethi, ule mrefu wa juu, kwenye plagi zote mbili! "Si kelele zimeisha, bosi?"

Zimeisha, ndiyo. Na kinga ya shoti nayo imeisha!

Leo nimefunga plagi mpya, nikachomeka vyote kwenye ekstensheni moja, badala ya soketi mbili za kuta tofauti. Kimya. Kumbe ni hivyo tu!

Nikampigia fundi, nikamporomoshea maneno makali. Nilipokata simu, ustadhi, mkono bado mdomoni, akaniuliza taratibu: "Wakati anakata, wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa namshikia plagi.

Na msumeno ulikuwa wangu.