Kipande cha Pili cha Sabuni

Saa kumi na moja alfajiri Marip Htu San amepiga magoti mbele ya jiko. Anafunga wali wa kunata na nyama kavu iliyotwangwa na pilipili kwenye majani mapana. Mikono inakwenda yenyewe. Kichwani mna jambo moja tu, na halitoki tangu wiki ya mavuno.

Wanasema katika kambi ya ng'ambo ya mto kuna mwanamke aliyefika kwenye kizuizi cha askari barabarani na kapu lake la mboga. Hajatoa kitambulisho, hajafungua mdomo. Askari akamwita jina lake lote, ukoo na yote, akamuuliza, "Ule mkutano wenu wa wanawake ulikwendaje?"

"Aliyeona kwa macho simjui," anasema Htu San. "Mimi niliambiwa na jirani, jirani aliambiwa na muuza chumvi. Lakini kila nikijilaza nasikia lile swali."

Ana miaka arobaini na sita. Kumi na miwili ameimaliza katika kambi hii ya waliokimbia vita, nje kidogo ya Myitkyina, mji wa Wakachin. Mumewe alifia njiani walipokuwa wakikimbia. Kwa siku huuza vifurushi sitini vya wali, kyat mia tano kimoja, na zaidi ya nusu hurudi kwenye mchele na kuni.

Akimaliza kuuza, ndiye mtunza daftari wa Mafiga, chama cha wanawake ishirini na watatu wa kambini. Mwanamke akipigwa na mumewe, au akifanyiwa unyama porini alikokwenda kuokota kuni, huenda kwa Mafiga kwanza. Wanampeleka zahanati. Wazee wakitaka kuyamaliza kwa fidia ya nyati na kitambaa, Mafiga hukaa mlangoni mpaka mwenyewe aulizwe anataka nini.

Daftari lina majina, ila ni yale ya nyumbani tu: Kaw kwa binti wa kwanza, Lu wa pili, Roi wa tatu, mpaka chini. Ukoo hauandikwi.

"Ita Kaw hapo nje uone wangapi watageuka," anasema. "Sisi tunajua ni Kaw yupi. Mwenye nia mbaya akilipata hilo daftari, atafute mpaka azeeke."

Mmoja wa hao Kaw ni binti yake, ana miaka ishirini. Kilichompata barabarani mwaka juzi hakitaandikwa hapa.

Mwezi uliopita shirika moja la mjini lilileta gari jeupe na habari njema. Lilitaka kuviimarisha vyama vya wanawake vya kambini: kompyuta, mafunzo, posho ya watu watatu, mabati ya ofisi. Masharti yalikuwa orodha ya wanachama na ya wanawake waliosaidiwa, majina kamili na namba za vitambulisho.

Mwenyekiti wa Mafiga, Lahtaw Roi Nan, alifurahi. Htu San akanuna.

"Wewe Htu, hata mvua ikinyesha utauliza imetumwa na nani," mwenyekiti alimwambia.

"Na wewe Roi, ukipewa bati utatoa na mlango."

"Miaka saba nasindikiza wanawake kwa miguu. Kandambili zangu zimebaki kamba. Nikipata nauli ya pikipiki nimekosa nini?"

Siku ya mkutano wa kuandikisha, Htu San alikaa nyuma, amekunja mikono, amejiapiza kutaja jina la nyumbani tu.

Aliyeandikisha alikuwa binti wa Kikachin kama wao, Seng Pan, mpole, mwenye kuinama akisema na wakubwa. Akauliza kama aulizavyo mtoto yeyote aliyelelewa vyema, "Samahani mama, wewe ni wa ukoo gani?"

"Marip."

"Hata mama yangu ni Marip. Basi wewe ni mama yangu mdogo."

Kwa watu hawa, ukiulizwa hivyo huwezi kujibu nusu. Unataja ukoo wako, wa mumeo, na watoto wako mmoja mmoja, mpaka mjue mtaitana nani. Htu San akataja vyote, hata N'hkum, ukoo wa marehemu mumewe. Binti anacheka, kalamu inakwenda.

"Basi N'hkum Kaw Seng ni mdogo wangu," alisema, akampa vipande viwili vya sabuni.

"Ilinukia limau, nikaipenda," Htu San anakumbuka. "Nimefika nyumbani ndipo nikajiuliza, walikuwa wanagawa kimoja kwa kila jina. Hiki cha pili ni cha nani?"

Kesho yake alikwenda mjini na kapu lake mpaka ofisi ya shirika.

"Mama mdogo, karatasi iko salama kabatini," Seng Pan alimwambia.

"Ufunguo anao nani?"

"Meneja."

"Na anayefagia?"

Binti akageukia kabati.

"Jana ulipita nayo kizuizini. Walifungua mkoba wako?"

Seng Pan alitazama dirishani. "Hufungua kila mkoba."

Akaitoa karatasi, akachukua mkasi, akakata mistari miwili, wa Htu San na wa Kaw, akampa mkononi. Htu San akauliza kama ilikuwa imepigwa picha. Binti akasema hakumbuki.

Kile kipande cha karatasi kiliungua katika jiko hili hili. Mafiga nao wakakaa wakaliandikia shirika barua: mabati na nauli wanataka, idadi ya wanawake watatoa, majina hapana, na daftari halitoki kambini. Wiki ya tatu hii, shirika halijajibu.

"Wakikataa, kandambili utaninunulia wewe," mwenyekiti anamtania, lakini naye alitia sahihi barua ile.

Jumatatu Kaw anaanza mafunzo ya ukunga mjini. Kizuizini atapita asubuhi na jioni. Mama atakuwa hatua ishirini nyuma yake na kapu la wali, kama hawajuani.

"Utauza wali au utanichunga?" binti anamuuliza.

"Vyote."

Matumaini yake ni kwamba Kaw atarudi mkunga wa kambi, ili mwanamke aliyeumizwa atibiwe na mtu asiyehitaji kumwandika. "Kabla ya hapo, akipita kizuizini mwezi mzima bila kuitwa jina, nitaanza kulala," anasema, na kufunga jani la mwisho.

Mama mwenye binti, shika haya:

Usitaje ukoo mbele ya mtu mwenye kalamu, hata akiwa ndugu.

Usitie jina la mwanao kwenye karatasi ya mgao. Mwache aende akaamue mwenyewe.

Usitoe daftari la chama kwa sababu aliyeliomba ana adabu.

Usikubali kupigwa picha kabla hujaambiwa itakaa wapi.

Usimcheke mwenzako anayeuliza ufunguo anao nani.

Usipokee kipande cha pili kabla hujajua ni cha nani.