Siku Mama Aliposikika kwa Bibi

Sisi Waswahili tuliokulia Mawaleh, huku Uarabuni, kabla watoto hawajazaliwa na simu mkononi, karaoke yetu ilikuwa redio kaseti na maikrofoni moja isiyo na waya, aliyotuletea ami yetu kutoka Dubai. Ilikuwa ya bei rahisi, ya plastiki, inakula betri moja. Unaiwasha, unatafuta stesheni kwenye redio mpaka mvumo unakatika ghafla, na hapo unajisikia mwenyewe ukiimba redioni! Ubora wa sauti msiulize. Kila "s" ilitoka "sh", ukiisogelea redio ilipiga mluzi mpaka paka wa uani wakakimbia, na hata uwe na sauti tamu vipi, ulisikika kama mtu aliyebanwa pua ndani ya pipa. Kwetu ilikuwa raha tupu. Watoto wa leo wangeirudisha dukani siku ile ile.

Mama hakuivumilia. "Hebu zimeni dude hilo, kichwa changu!" Yeye mwenyewe hatukuwahi kumsikia akiimba. Harusini alikaa pembeni, mkoba mapajani, akipiga makofi kwa adabu, khasa akiwepo Bibi, mama yake Baba, ambaye nyumba yake na yetu zilikuwa ukuta kwa ukuta. Baina yao ilikuwa salamu, chai na "ndiyo mama", basi. Na kila Ijumaa Bibi akila kwetu, lazima aseme, "Wali huu si kama wetu wa Unguja."

Alkhamisi moja alasiri, mimi na kaka yangu Nasri tulitaka kujua maikrofoni yetu inafika wapi. Tukaiacha imewashwa jikoni kwetu, nyuma ya kopo la sukari, tukabeba redio hadi kwa Bibi, aliyekuwa na wageni, wanawake watano sita wakinywa kahawa na halua. Tulipanga Nasri arudi jikoni kuimba, lakini alipoiona halua akakaa.

Redio ikakoroma, kisha ikasikika sufuria inachemka, na mwanamke akaanza kuimba:

*Mama mkwe mkamili, wali hataki kubali,*
*"Si wali wa kiasili!" Na hula sahani mbili.*

Wageni wakaigeukia redio.

"Stesheni gani hii?" akauliza mgeni mmoja.

Ile sauti ya kubanwa pua ilimficha vizuri. Hata mimi sikumjua, mpaka alipoukatisha wimbo na kuita, "We Nasri! Nazi umeiweka wapi?"

Nikamtazama Bibi. Kikombe chake kilikuwa kimesimama hewani, hakipandi hakishuki. Nilishamuona Mama anarudishwa kwao.

Bibi akakiweka kikombe chini. "Nenda kamlete," akaniambia. "Na hilo dude lake."

Mama alikuja kajifunika kanga uso mzima, mikono inanuka vitunguu. "Nisamehe mama, sikujua kama..."

Bibi hakumngoja amalize. Akanipokonya maikrofoni, akaishika mbali kama mtu aliyeshika samaki hai, akajibu kwa sauti yake ya mikwaruzo:

*Leta sahani ya tatu, sifa si mbele ya watu!*

Redio ikapiga mluzi, wageni wakapiga vigelegele, na Mama akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kanga ikamtoka usoni. Tangu siku ile, kila Alkhamisi wakawa wanatupiana beti mkwe na mkwewe, na sisi maikrofoni yetu hatukuipata tena. Allah amrehemu Bibi, alifia mikononi mwa Mama.

Juzi nimemnunulia binti yangu Shaima maikrofoni, rahisi vile vile, lakini hii ina taa, ina mwangwi, inaungana na simu, na ukikosea inakurekebisha sauti. Akajifungia nayo chumbani, vidude masikioni. Nikagonga.

"Unataka nini, Ummi?"

"Nnataka kukusikia unavyoimba."

"Haya, ntakutumia."

Nikarudi sebuleni, simu ikalia. Nikausikiliza wimbo mara mbili. Sauti safi kabisa, utadhani msichana mwengine. Nikamtumia moyo mwekundu, maana ndivyo wanavyoshangilia siku hizi, kisha nikatega sikio upande wa chumba chake. Hatua sita tu kutoka nilipokaa mpaka mlangoni kwake, na sikusikia kitu.