Roland Tveit na Sherehe Zisizofika Mwisho

Roland Tveit wa Duluth, mji wa baridi kali huko Marekani, alikuwa na kipaji kimoja tu, cha kuharibu harusi. Si harusi za watu halisi, maana huko hakualikwa. Aliharibu zile alizozitunga mwenyewe, kila Jumamosi mchana, katika chumba cha chini ya nyumba ya mama yake, akiwa amejificha nyuma ya kadibodi yenye picha ya zimwi. Ulikuwa mchezo wa mezani, na yeye ndiye aliyesimulia nchi ya kubuni ya wafalme na wachawi. Wenzake, kila mmoja na mhusika wake, waliamua la kufanya, na dadu zikasema kama wamefaulu.

Miaka yote waliyocheza, hakuna mfalme aliyewahi kuvishwa taji mbele yao. Padri akifungua tu kinywa, dirisha linavunjika na wauaji wanaingia. Bibi harusi akifunua shela, paa linashika moto. Wachezaji walizoea mno, hata ubatizo wakawa wanauendea na mashoka. Roland aliita huo ufundi. Ufundi gani! Jamaa hakujua padri husema nini akishafungua kinywa, basi akawa anamuwahi kwa mshale. Hata dukani, alikouza vipuri vya pikipiki za theluji, mteja hakumaliza kueleza shida yake kabla Roland hajamkatiza.

Kisha Orrin akafa. Alikuwa mchezaji wa tangu mwanzo, kaka yake Marcy, ambaye naye alicheza. Moyo ulimsimama akiondoa theluji mlangoni. Siku ya mazishi Roland alikaa nyuma kabisa kanisani, na wimbo wa kwanza haujaisha akatoka, eti anakwenda kuwasha gari lipate joto. Hakurudi.

Marcy hakumlaumu. Alimwomba kitu kimoja tu.

"Roland, yule shujaa wa Orrin, Halbrand, tumzike kwenye mchezo. Azikwe mpaka mwisho. Asije mtu."

"Hakuna shida, Marcy."

"Niangalie. Asije hata kunguru."

"Si nimeshakwambia? Naapa!"

Jumamosi Marcy alileta kisanamu cha Halbrand, rangi imechubuka begani, pale Orrin alipozoea kumshika. Deke, mchezaji mwenzao, fundi bomba asiyeishiwa utani, alikuja amevaa tai. Wakamlaza Halbrand ndani ya kiberiti kitupu. Roland akasimulia kilima, upepo na umati wa waombolezaji, na tuseme kweli, hakusimulia vibaya. Kisha akafika kwa padri.

"Padri anafungua kitabu. Anasema..."

Akakohoa. Akanywa soda. Marcy akauona mkono wake ukitambaa nyuma ya kadibodi, kuelekea dadu.

"Roland, usithubutu."

"Anasema... na hapo hapo mshale unamchoma shingoni! Wapiga mishale, pande zote!"

Hata Deke hakucheka. Roland alikuwa anahema, uso umemrudia rangi, kama mtu aliyenusurika. Aibu hana.

"Haya, mnafanya nini? Rusheni dadu!"

"Naokota kitabu cha padri," Marcy alisema. "Nasoma."

"Umepigwa bega! Jikinge!"

"Sijikingi. Halbrand, ulikuwa mbishi. Ulinifundisha kuendesha gari juu ya barafu ya ziwa, na nilipolia ulinicheka, halafu ukanishika mkono."

"Mwingine, kifuani! Marcy, utakufa!"

"Mimi nashika jeneza," Deke alisema, akilegeza tai. "Nipige tu, kenge wewe."

Akawapiga, maana hakujua kingine. Mchezoni, Deke alianguka juu ya sepetu la kaburi. Marcy aliendelea kusema mpaka akafika kwenye kwaheri, akakifunga kiberiti kwa kidole gumba.

"Amezikwa," alisema. "Sasa mimi nimekufa."

Wakavaa makoti, wakapanda ngazi. Roland alibaki na wapiga mishale wake wamekizingira kilima, na hapakuwa na mtu wa kupigwa. Huko juu alimsikia mama yake akiuliza mbona leo wanaondoka mapema, na Deke akimjibu kwa upole, "Mazishi yamekwisha, mama."