Samaki Mwenye Kichwa

Kwa miaka sita nilimwambia mama yangu kwenye simu kwamba huku Minnesota navua samaki. Mimi ni mtu wa Ukerewe, nimezaliwa maji yakiwa pande zote, na huku nako wanajisifia wingi wa maziwa yao mpaka kwenye vibao vya namba za magari. Ningemwambia nini? Kwamba nakaa ghorofa ya pili Brooklyn Park, nashinda maabara nikipima damu za watu, na samaki nanunua vipande vilivyogandishwa? Hata picha nilimtumia, nimeshika samaki mkubwa. Samaki mwenyewe alikuwa wa mwenzangu wa kazini.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia pale mama alipopata viza ya kuja kukaa nami mwezi mmoja.

Wiki ya kwanza nilimpikia minofu ya dukani. Aliigeuza kwa kijiko akauliza kichwa kiko wapi. Nikamwambia huku wanauza bila kichwa.

"Samaki asiye na kichwa utamjuaje?" akasema, akala mchicha.

Kwetu kichwa cha samaki kilikuwa cha baba. Alikichambua taratibu, mfupa kwa mfupa, na sisi watoto hakuna aliyethubutu kukiomba. Baba alipofariki, mama ndiye akawa anakila. Kwa hiyo nilidhani nimemwelewa: amekikosa kichwa chake. Nikaenda Saint Paul kwenye soko la Waasia, nikarudi na sato mzima, macho na mkia. Mama akamtazama sato, kisha akanitazama mimi.

"Huyu umemnunua. Mimi nitakula wa mkono wako. Si unavua?"

Mdomo uliniponza. Nikaazima fimbo ya kuvulia, nikakata kibali, tena pamoja na nyongeza ya trauti, maana mwenzangu wa kazini alisema trauti ndiye samaki mtamu kuliko wote, na mimi nikikosa sikosi kidogo. Jumamosi, baada ya chai ndefu, nikampeleka mama kwenye ziwa moja dogo lenye kina, mwendo wa saa moja, ambako trauti hupandikizwa. Nikajiweka kwenye matete, jua la saa sita utosini, bonge la ugali kwenye ndoano, kama nilivyowaona watu wa kwetu wakitega sato. Nikapata visamaki bapa viwili, kila kimoja kiganja hakijai.

"Hawa ni watoto," mama akasema. "Warudishe, mama yao anawatafuta."

Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile. Kwenye gari mama akasema, "Huna mke, huna samaki. Sasa huku unafanya nini hasa?" Nilicheka, lakini iliniuma. Ilibaki Jumamosi moja tu kabla hajapanda ndege.

Jirani yangu wa chini ni Mkenya, nesi, kwao ni kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Samaki hali, anasema ananuka. Miaka yote nimemtania kwamba watu wa mlimani wakimwona samaki wanamkimbia kama nyoka. Jioni hiyo alinikuta kwenye ngazi na fimbo yangu na ugali uliobaki.

"Mtu wa ziwa! Hiyo ugali ni ya nani?"

"Wa trauti."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Trauti si wa kwenu, ni wa kwetu! Ni samaki wa baridi. Sasa hii summer, saa sita mchana, unamtafuta kwa matete? Ameenda huko chini ku-relax."

Kumbe baba yake alikuwa mlinzi wa mto wa trauti huko mlimani, akiwaongoza watalii, na yeye ndiye aliyekuwa akibeba kopo la minyoo. Nilimwomba msaada kwa sauti ndogo. Alikubali kwa sauti kubwa, ngazi nzima ikasikia.

Jumamosi ya mwisho akaendesha yeye. "Wacha ni-drive, wewe utatupoteza." Tulifika alfajiri, ukungu bado juu ya maji. Mama aliketi kwenye kiti cha kukunja mwisho wa gati, amevaa kitenge na juu yake koti langu la theluji, mwezi wa saba. Jirani akanipa masharti. Ndoano ndogo. Mnyoo mmoja tu, si harusi. Chubwi, yaani kirisasi cha kuzamisha ndoano, halafu uache mshipi ushuke huku ukihesabu mpaka ishirini, kisha uvute polepole kama mtu asiyedaiwa.

"Na unyamaze," akaongeza. Hilo ndilo lililonishinda zaidi.

Ishirini hapakuwa na kitu. Thelathini, fimbo ikapinda.

"Pole pole! Mdomo yake ni laini, utabaki na lips peke yake!"

Trauti akatoka, anametameta, urefu wa kiatu changu na kidogo zaidi. Mama akainama kumkagua. "Mbona ana madoa? Ana surua?" Kisha akaniambia, "Mshike nikuone." Nikamshika.

"Sasa umemshika kama wako. Kwenye ile picha ulimshika kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu."

"Ulijua?"

"Baba yako alikuwa fundi cherehani. Akipanda mtumbwi anatapika. Ungejifunzia wapi?"

Nilitamani gati lipasuke. Jirani alikuwa amegeuka upande, mabega yanamtikisika.

Mchana mama alimpika mwenyewe, kwa nyanya, kitunguu na ndimu. Jirani alikuja na sukuma wiki yake, akakaa mbali na sufuria. Mama akamgawa samaki, akakitenga kichwa, nami nikamsogezea sahani yake. Akaipita, akakiweka kwenye yangu.

"Kichwa ni cha mwenye nyumba."

"Lakini mama, wewe ndiye unayekila."

"Mimi nilikuwa nakishikilia tu."

Kilikuwa kichwa kidogo, nyama yake haijazi kijiko. Nilikichambua taratibu, mfupa kwa mfupa, kama nilivyomwona baba akifanya, na macho yakaanza kunitoka machozi. Nikawaambia ni pilipili.

"Sikutia pilipili," akasema mama.